Duka Alilolichagua Mama

Mama yangu mzazi alisimama mbele ya skrini kubwa ya ofisi yetu, akatazama michoro miwili ya duka moja, kisha akanyoosha kidole kwenye mchoro wa kulia na kusema, "Mie nitarudi hapa." Mchoro wa kulia haukuwa wangu. Ulikuwa wa binti niliyekaa naye meza moja, ambaye nilikuwa namwonea wivu tangu wiki ileile aliyoletwa ofisini. Kwa kidole kile cha mama, duka jipya la Kawe likawa la yule binti.

Wenzangu wanaisimulia habari hiyo mpaka leo wakati wa chai, na mimi hucheka pamoja nao. Wanaipenda kwa sababu ni fupi. Mimi naijua ndefu, na nitaieleza kwa mpangilio, maana ndivyo nilivyo. Hata yule binti aliwahi kunitania mbele ya watu kwamba nikipewa kazi makaburini nitawapanga marehemu kwa urefu.

Kazi yangu ni kuchora rafu. Nikisema hivyo mtaani kwetu Chamazi, watu wanaelewa useremala. Jirani mmoja aliwahi kuniletea vipimo vya kabati la vyombo. Ninachochora mimi kinakaa kwenye kompyuta. Kampuni yetu ina maduka ya kujihudumia, yale ambayo mteja anashika kikapu na kuzunguka mwenyewe, na ofisi ipo Sinza, ghorofani, juu ya duka la kwanza. Bidhaa mpya ikifika tunaiweka juu ya kitambaa cheupe, tunaipiga picha ya mbele na ya ubavuni, tunaipima kwa rula upana, urefu na kina. Ikishaingia kwenye programu inakuwa kipicha kidogo chenye vipimo vya kweli. Unakikamata kwa kipanya, unakiburuta mpaka kwenye rafu, nayo imechorwa kwa vipimo vya kweli. Pakiti isipoenea, programu inakataa. Mchoro ukikamilika unatumwa dukani, unabandikwa kwenye mlango wa stoo, na wapangaji wanapanga kama picha inavyoonyesha.

Pakiti inayomtazama mteja tunaiita uso. Majani ya chai ya aina moja yanaweza kupewa nyuso nne, ya aina nyingine uso mmoja. Rafu iliyo usawa wa macho ndiyo inayogombaniwa. Mawakala wa bidhaa huja ofisini na kalenda na fulana kuitaka, kama watu wanavyotafuta viti vya mbele harusini.

Nilianzia duka la Temeke, nikipanga bidhaa kwa mikono. Aliyekuwa anachora alipoacha kazi, niliomba kujifunza, nikajifunza, na kwa miaka kadhaa hakukuwa na mchoraji mwingine. Ukiingia duka letu lolote ulikuwa unatembea ndani ya kichwa changu. Sukari na sukari, ndogo kushoto, kubwa kulia. Viungo kwa herufi. Sabuni mbali na unga, visiambukizane harufu. Siku za mapumziko nilikuwa napita Temeke bila sababu, nasimama mwisho wa safu ya vyakula na kutazama mstari wa makopo ulivyonyooka mpaka kwenye friji la maziwa. Wateja walipita na vikapu vyao bila kujua kwamba ule mstari ni kazi ya mtu. Mimi nilijua, na ilinitosha.

Ilinitosha mpaka alipokuja yeye.

Alitoka kwenye steshenari ya hapohapo Sinza, alikokuwa akitengeneza mabango ya harusi na kadi za kichen pati. Kwao ni kusini, Newala, lakini amekulia Mwenge, nyuma ya vibanda vya vinyago, kwa sababu baba yake ni mchongaji. Bosi alimwajiri anisaidie kupiga picha za bidhaa. Ndivyo alivyosema siku ya kwanza: anisaidie.

Picha zangu za bidhaa zilikuwa bapa, kama picha za vitambulisho. Zake zilikuwa na mwanga. Chupa ya mafuta ya kula aliyoipiga yeye ilionekana kama imesimama dirishani asubuhi. Chini ya kila kopo aliacha kivuli chepesi, kiasi kwamba ukitazama skrini mkono unataka kwenda. Nilimwambia kivuli hakina kazi, wapangaji hawapangi vivuli. Akasema, "Kweli, dada," akaendelea kuviweka. Siku hiyohiyo bosi alipita nyuma yetu, akasimama penye kiti cha yule binti na si changu, akatazama kwa muda, halafu akasema, "Huyu ni msanii." Mimi kwa miaka yote ile nilikuwa naitwa Rafu. Watu wa stoo waliambiana, "Kamuulize Dada Rafu." Niliona ni heshima. Siku ile nikaanza kuona ni jina la ubao.

Basi nikawa namchunguza. Nilijua anakunywa chai bila sukari na kula chapati mbili. Nilijua mlinzi anamfungulia geti kabla hajafika, wakati mimi nagonga. Nilijua mawakala wakija wanamsalimia kwa jina na mimi kwa cheo. Nilijua anafanya kwa muda wa asubuhi moja kazi iliyokuwa ikinila siku nzima, halafu mchana anageuka na kuniuliza kama kuna la kunisaidia. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. Mtu akiwa na roho mbaya, wivu unapata pa kukaa. Huyu alinikaribisha karanga.

Nyumbani nilimsema kila siku. Naishi na mama Chamazi, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba, na jioni tukikaa barazani mama akimenya vitunguu, nilimwaga yote. Leo kafanya hivi, leo kasifiwa vile, leo kavaa kiatu gani. Mama alisikiliza kama anavyosikiliza redio, huku mkono unafanya kazi. Siku moja akaniuliza:

"Huyo mtoto ana mama hapa Dar?"

"Mama yake yupo Newala. Anaishi peke yake, amepanga chumba."

"Basi mlete afuturu kwetu."

"Mama, mimi nakwambia ananikera, wewe unasema nimlete?"

"Mtu anayekukera humjui mpaka kiatu," mama akasema. "Mlete nimwone."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na ofisini kwetu ni desturi: wanaofunga huwaalika wasiofunga, siku moja moja, kwa zamu. Zamu yangu ilipofika sikuwa na la kukwepea. Nilimleta Chamazi. Alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa, akapiga goti dogo, "Shikamoo mama," na mama akaitikia marahaba ndefu ambayo sijaisikia akimpa mgeni wangu mwingine yeyote. Nilikwenda sebuleni kutandika jamvi na kupanga vikombe. Niliporudi hakuwapo pale nilipomwacha. Alikuwa jikoni, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Walikuwa wanacheka.

"Mwenzako anajua kukuna," mama aliniambia. "Wewe nazi yako inatokaga na maganda."

"Mama, mie nilikuwa nakuna tangu mdogo," alisema yule binti, bila kuinua kichwa. "Kwetu ukikuna vibaya hupewi mboga."

"Umesikia?" mama akanigeukia. "Kwao kuna sheria."

Jikoni kwetu ni chumba chembamba. Upande wa dirisha kuna jiko la gesi na la mkaa, na ukuta wa pembeni yake una rafu ndefu ya mbao, ya ngazi mbili, aliyoigongelea baba, ambamo mama huweka vyakula na viungo vyake. Mama alimtuma yule binti vitu kutoka kwenye rafu ile: nipe iliki, nipe tambi, nipe sukari ile ya kopo. Kila alichotumwa alikishika bila kutafuta. Mimi nilisimama mlangoni na simu mkononi. Nikawapiga picha, maana ndicho kitu cha adabu nilichoweza kukifanya kwa sura niliyokuwa nayo. Niliwaambia wasogeleane. Walisogeleana sana.

Baada ya Idi bosi alituita akatuambia kampuni inafungua duka Kawe. Lingekuwa kubwa kuliko yote. Alisema anataka tuchore wawili, kila mtu duka lake zima, na mchoro mmoja tu utajengwa. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba atakayechora Kawe ndiye atakayechora maduka mapya yote yatakayofuata, na mwingine atabaki kurekebisha ya zamani. Yule binti alinitazama. Nilimtazama bosi. Kurekebisha ya zamani maana yake ni kubadilisha uso mmoja wa dawa ya meno kila kampuni inapobadilisha boksi. Miaka yangu yote ilikuwa kwenye mizani na mtu aliyekuja kunisaidia.

Nilichora kama nilivyojua. Sitaficha, ule mchoro ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuchora. Kila sentimita ilikuwa na bidhaa. Safu za vyakula zilikwenda kwa aina, aina kwa ukubwa, ukubwa kwa bei. Ungeweza kumfunga mteja kitambaa machoni, ukamwambia "mdalasini," na baada ya ziara mbili akaufikia. Wakati nachora nilimsikia upande wangu wa kushoto akibofya, akinyamaza, akibofya. Tulikuwa tumekubaliana kutotazamana. Nilitazama. Niliona safu yake ina mapengo.

Tulipowasilisha mbele ya bosi na wasimamizi wa maduka, nilisubiri hadi amalize, nikauliza kwa sauti ya upole, "Samahani, hizi nafasi tupu katikati ya makopo, ni bidhaa ambazo hazijapigwa picha?" Nilijua zimepigwa. Nilizipima mwenyewe.

"Hapana, dada," akasema. "Ni nafasi za mkono."

"Mkono?"

"Mzee wangu pale Mwenge anaacha vinyago vimeachana. Vikibanana mtu anaogopa kuangusha, hashiki. Asiposhika, hanunui."

Msimamizi wa Temeke, niliyefanya naye kazi tangu nikiwa mpangaji, akasema, "Kweli bwana, mie wateja wangu wanaangushaga sana chupa za siki." Alisema huku ananitazama mimi, maana siki ya Temeke niliipanga mimi.

Lakini mapengo lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa kwamba hakupanga kwa aina. Safu yake ya kwanza aliiita Asubuhi: majani ya chai, sukari, maziwa ya unga, mkate, siagi, na chumvi pembeni kwa ajili ya mayai. Nyingine Mtoto wa Shule. Nyingine Kufua. Na nyingine, ambayo ilikaa katikati ya duka, aliiita Wageni: tambi, tende, iliki, mdalasini, sukari tena, tui la kopo, unga wa ngano, hamira, hata vijiti vya meno. Nilisema chumvi ni chumvi, haina asubuhi. Watu walicheka, na kwa dakika ile nilidhani nimeshinda. Bosi hakucheka. Alikuwa anakuna kidevu.

"Mimi na nyie tunaishi humu dukani," akasema. "Macho yetu yameharibika. Tuwaite watu."

Ndipo ikatoka ile amri. Kila mfanyakazi wa ofisi alete ndugu mmoja, mtu anayekwenda sokoni mwenyewe. Ataoneshwa michoro miwili kwenye skrini kubwa, wa kushoto na wa kulia, asiambiwe upi wa nani. Atapewa shughuli, atagusa vitu anavyovihitaji, mwisho atasema duka gani atarudi. Mimi na yule binti turuhusiwe kukaa nyuma, midomo imefungwa. Yeye ndugu zake wengine wote wako Newala na baba yake alikuwa na wateja, hivyo hakuleta mtu. Nilimleta mama. Nilimwambia tu kuna mtihani wa kuchagua duka. Sikumwambia zaidi, kwa sababu niliamini sina haja. Ni mama yangu. Nilikulia kwenye mgongo wake. Nilidhani ataniona mle kwenye mchoro kama anavyoitambua sauti yangu getini.

Mke wa dereva wetu alichagua wa kushoto, wangu. Alisema pamenyooka. Baba mkwe wa mhasibu alichagua wa kulia, kisha akabishana na bosi kuhusu bei za Kawe. Dada wa mlinzi alichagua wa kushoto. Waliendelea hivyo, huku na kule, mpaka wakawa wamegawanyika sawasawa, na aliyebaki ni mama, ambaye alikuwa amesinzia kwenye kiti cha mapokezi.

Alipita mbele akirekebisha mtandio. Bosi alimwambia, "Mama, shikamoo. Jioni una wageni. Nunua."

"Marahaba. Wageni wangapi?"

"Wengi."

"Hawajakula?"

"Hawajala, mama."

Mama akaanza na wa kushoto. Nilifurahi kuona anavipata vyote. Tambi alizikuta kwenye tambi, iliki kwenye viungo, tende alizikuta mbali kidogo kwenye vitamu, tui akalipata kwenye makopo mwisho kabisa. Hakukosea hata kimoja. Lakini kidole kilisafiri. Kilikwenda mwisho wa skrini, kikarudi, kikaenda tena, na mara moja alisimama akasema, "Subiri, sukari niliichukua?" Halafu akageukia wa kulia. Alitazama. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyeingia ndani na kuvua viatu. Kidole kikatua kwenye Wageni na hakikutoka pale. Iliki, tambi, tende, tui, palepale, na kila alipogusa alitikisa kichwa kidogo na kucheka kwa pua.

"Huyu wa kushoto," akamwambia bosi, "amepanga kama anaogopa wezi. Huyu wa kulia amepanga kama kuna mtu anakuja. Mie nitarudi hapa."

Watu walipiga makofi. Yule binti hakupiga. Alinishika mkono chini ya meza, na nikamwachia mkono wangu kama unavyomwachia nesi anayetafuta mshipa.

Nilirudi Chamazi na mama. Alikuwa amepewa mfuko wa zawadi, sukari na majani ya chai, akaupakata. Wiki zilipita. Kawe ikajengwa kwa mchoro wa kulia. Siku ya ufunguzi wafanyakazi wote tulialikwa na familia zetu; yule binti alimshika mama mkono na kumtembeza safu kwa safu, na mama alirudi nyumbani na tende na kopo la tui, akaniambia lile duka lina ubaridi mzuri. Mimi nilirudi kwenye boksi za dawa ya meno.

Halafu mama akataka kupaka rangi jikoni. Alimleta fundi, vitu vyote vikatolewa nje uani, ukuta ukapakwa rangi ya krimu, vikarudishwa. Mimi nilikuwa kazini siku mbili zote hizo. Nilirudi nikakuta harufu ya rangi na mama amefurahi.

Ni baada ya hapo, jioni moja, tumekaa barazani na vitunguu vyake, ndipo nilipomuuliza. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Mama, ile siku ya mtihani, ulijua upi ulikuwa wangu?"

"Nilijua."

"Ukachagua wa mwenzangu?"

Mkono ulisimama. "Wa mwenzako upi? Mie nilichagua wa kwako."

"Wangu ulikuwa wa kushoto, mama."

Alinigeukia. "Wa kushoto? Ule wa kuzungukazunguka?" Akaweka kisu chini. "Mbona mle wa kulia niliona vitu vyangu? Nilisema huyu mwanangu, kumbe huwa ananitazama."

Nilikusanya maganda ya vitunguu. Aliokota kisu, akaendelea kumenya. Baadaye kidogo akasema, "Basi na yeye ni mwanangu," kama mtu anayerekebisha hesabu ndogo, nami nikainuka kwenda jikoni ili nisionekane uso.

Niliwasha taa na kusimama mbele ya rafu ya baba. Kazi yangu ni rafu. Nilipaswa kuwa nimeijua ile kuliko zote. Ngazi ya juu, kutoka kushoto: tende kwenye bakuli la plastiki, tambi, unga wa ngano, sukari, tui, mdalasini, na mwisho kabisa upande wa dirisha, kopo la iliki. Nilitoa simu na kufungua mchoro wa Kawe, rafu ya juu ya safu ya Wageni. Ulikuwa uleule, kitu kwa kitu, mpaka iliki ya mwisho, mpaka pengo la mkono kati ya sukari na tui.

Kwa muda niliona nimeshika kitu. Alikuja kwetu akafuturu, akaiangalia rafu ya mama yangu, akaichora, akalichukua duka. Kisha nikakumbuka fundi wa rangi. Vitu vilitolewa vyote, vikarudishwa na mama, baada ya mama kutembezwa Kawe. Inawezekana yule binti alimwiga mama. Inawezekana mama ndiye aliyemwiga yule binti. Na mimi, niliyekula kutoka kwenye rafu ile tangu nijue kula, nilijaribu kukumbuka ilivyokaa kabla ya rangi, nikakuta sikumbuki. Niliona mikono ya mama tu.

Nilimuuliza mama. "Ndivyo vinavyokaaga siku zote," akasema. Lakini mama hulisema hilo kuhusu kila kitu. Kitanda chake alikihamishia dirishani mwaka huu na ukimuuliza atasema kimekuwa pale tangu baba yupo hai.

Nilimuuliza yule binti, ofisini, tukiwa wawili. Alifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo lilinikera, kwa sababu lilionekana la kweli.

"Dada, mie kwa mama nilikula," akasema. "Nilikula sana. Sijui kama nilitazama. Labda nilitazama." Kisha akatabasamu. "Kwani wewe huko nyumbani rafu ikoje?"

Niligeukia skrini yangu, kwenye boksi za dawa ya meno.

Nilitaka ushahidi, nikaenda kwenye simu. Nina picha nyingi za jikoni kwetu, za miaka mingi, na zote ni za watu. Shangazi anapakua pilau. Mama na keki ya Idi. Mtoto wa jirani ana unga puani. Rafu ipo nyuma yao, na kila mara kuna kichwa, au mvuke, au mwanga wa dirisha umeifuta. Picha pekee ya kabla ya mchoro iliyo safi ni ile niliyoipiga siku ya futari. Mama na yule binti wamekaa karibu, kama nilivyowaambia, na kwa kusogeleana kwao wameiziba rafu yote kasoro upande wa dirisha. Pale, juu ya bega la mama, unaonekana ukingo wa kopo jekundu.

Mama ana makopo mawili mekundu yaliyofanana, alinunua pamoja. Moja ni la iliki, lingine ni la hamira, na la hamira siku hizi linakaa ngazi ya chini. Lile la pichani likiwa la iliki, mchoro wa Kawe ulitoka jikoni kwetu. Likiwa la hamira, rafu ya mama imetoka Kawe. La iliki lina kibandiko cheupe ubavuni, mwandiko wa mama, na la hamira halina. Nimeikuza picha mpaka kopo limekuwa vidoa vya rangi. Kuna kidoa kimoja cheupe. Kinaweza kuwa kibandiko, na kinaweza kuwa mwanga wa dirisha umegonga bati.